Msinisamehe Kabla ya Tarehe Ishirini na Nane

Bango la kituo cha wahanga wa usafirishaji haramu wa watu lilikuwa na picha ya msichana analia, mikono imefungwa kamba, na chini yake maandishi mekundu: TUMRUDISHIE UTU WAKE. Lilisimama pale Mwembesongo, mjini Morogoro, jirani na mashine ya kusaga, na lilikuwa refu kuliko nyumba iliyokuwa nyuma yake. Ndani ya nyumba hakukuwa na msichana. Kulikuwa na Wilfred, mwanamume wa miaka arobaini na moja, mwenye ndevu, anayevaa kiatu namba kumi. Kwa miezi saba mfululizo yeye ndiye aliyekuwa mhanga pekee wa kituo.

Siku aliyofika alikabidhiwa begi la mhanga, kama mwongozo unavyotaka. Ndani mlikuwa na doti mbili za kanga, mafuta ya nywele, sidiria, na taulo za kike za miezi mitatu. Alisaini kwa mkono wa kushoto. Kanga akajifunika. Vingine alimpelekea Chausiku jikoni, na Chausiku, aliyekuwa na miaka hamsini na sita, akamwambia kwa hizo taulo na yeye alishachelewa.

Chausiku ndiye aliyekuwa mpishi wa kituo. Alikuwa Mwislamu wa Kinole, upande wa pili wa mlima, na Wilfred alikuwa Mkatoliki wa Mgeta. Lakini siku ya tatu, walipoulizana ukoo wa mama, wote wawili wakajikuta Wamwenda. Kwa Waluguru hilo linamaliza maneno. Tangu siku hiyo Chausiku alimwita mdogo wangu, naye akamwita dada, na chungu cha maharage kikawa na mwenyewe wa kukionja.

Wilfred alikuwa mkulima wa kabichi. Mtu wa kijijini kwake, waliyepokea naye komunyo ya kwanza siku moja, alimwambia kuna kazi ya usimamizi wa shamba kubwa, mshahara mzuri, nyumba ya bure. Alikoishia ni kwenye machimbo ya porini, miezi kumi na minne ya kuponda mawe bila senti, mpaka siku mashine ya kuponda ilipomla vidole viwili vya mkono wa kulia. Vitatu vilivyobaki vilijikunja kama kucha za kuku aliyechinjwa. Ndipo wakamtupa barabarani, maana hakuwa na faida tena.

Daktari alisema vinatengenezeka. Bingwa wa mikono angekuja Morogoro tarehe ishirini na nane ya mwezi ule. Akipasuliwa siku hiyo, vidole vitatu vitarudi kushika. Siku hiyo ikipita, bingwa harudi mpaka mwakani, na kufikia hapo mkono utakuwa umeshakauka kama ndoana. Mashamba ya Mgeta ni matuta yaliyochongwa kwenye mteremko. Trekta haliingii. Anaingia mtu na jembe, na jembe halishikwi kwa mkono mmoja.

Fedha za matibabu hayo zilikuwepo. Serikali ilitenga fedha za kuwahudumia watu kama Wilfred, na redio ilitangaza. Fedha zilikaa kwenye Mfuko, Mfuko ulikuwa na mwongozo, na mwongozo, ukurasa wa tisa, ulisema malipo yatatolewa kwa kituo chenye wahanga wasiopungua kumi kwa wakati mmoja. Kana kwamba wahanga hushushwa kwa kreti kama soda. Kituo kilikuwa na mmoja. Basi yule mmoja alikaa, mkono unakauka, akisubiri wenzake tisa watekwe.

Mratibu wa kituo aliitwa Godfrey, kijana wa miaka thelathini na nne, mwenye tai na kompyuta. Hakuwa mtu mbaya sana. Mtu mbaya sana angeiba, na pale hapakuwa na cha kuiba. Ijumaa moja aliingia jikoni akasimama mlangoni, akashika tai.

"Shikamoo, mama."

Chausiku akajua pana jambo, kwa sababu Godfrey humwamkia akiwa na shida tu.

"Marahaba. Sema."

"Barua imekuja. Watu wa Mfuko wanakuja kuhakiki Jumanne. Tuliwaandikia tuna wahanga kumi."

"Mliwaandika nani na nani?"

"Tuliandika makadirio."

"Huyo Wilfred anayepaa samaki hapo nje ni kadirio la ngapi?"

Godfrey alipunguza sauti. "Mama, Wilfred ataharibu picha. Umeona bango letu? Mgeni akiingia akakuta lile dume na ndevu zake, atamwagiza amfungulie geti. Siku hiyo akae stoo. Tunahitaji akina mama kumi. Siku moja tu. Waje, wakae, waonekane, waondoke. Wewe una watu kule Kinole, wanakuamini."

"Nikawaambie waje kufanya nini? Kuonekana?"

"Waambie semina."

Chausiku alisugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. "Na fedha zikitoka?"

"Cha kwanza, mkono wa Wilfred. Cha kwanza kabisa, mama. Kabla hata ya mshahara wangu."

Kwa kuwa Godfrey hakuwa amelipwa mshahara miezi minne, Chausiku aliona hicho ni kiapo kikubwa. Akafuta mikono, akachukua simu, akampigia Mwanaheri.

Mwanaheri alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Kinole, wakulima wa iliki na pilipili manga, na alikuwa mtoto wa shangazi yake Chausiku. Kikundi kilikuwa na katiba, muhuri, na sare ya kitenge cha njano. Kwa semina walikuwa wazoefu. Walishapitia ya lishe, ya nyuki, ya majiko sanifu, na moja ya mabwawa ya samaki ingawa Kinole yote ni mteremko.

"Semina ya nini?" aliuliza Mwanaheri.

"Haki za binadamu."

"Hiyo hatujawahi. Posho ipo?"

"Ipo."

"Nauli inarudishwa au tunakuja na gari lenu?"

"Gari linawafuata. Noah mbili."

"Chai ya saa nne?"

"Mpishi ni mimi, Mwanaheri."

"Basi tumefika, dada."

Jumatatu saa tatu asubuhi Noah mbili ziliingia, na wakashuka wanawake kumi wamevaa njano, wamejipaka mafuta, kila mmoja na daftari na kalamu yake. Godfrey alipowaona alishika kichwa. Alitaka watu wenye huzuni, akaletewa harusi.

Hata hivyo alianza kazi. Alikusanya vitambulisho vyote, akasema ni vya kutolea nakala. Kisha akakusanya simu, akasema ni ili semina isiingiliwe. Mansuri, mlinzi wa geti, aliambiwa afunge kufuli kwa sababu Mwembesongo wezi wamezidi. Akina mama hawakushangaa. Semina nyingine huwa na masharti makali zaidi. Ya nyuki iliwakataza manukato.

Wao wenyewe wakaendelea kama walivyozoea. Mwanaheri akachaguliwa mwenyekiti wa semina bila kupingwa. Maria, Mkristo pekee wa kikundi, akawa katibu. Mtunza muda naye akachaguliwa, ingawa saa hakuna aliyekuwa nayo baada ya simu kuchukuliwa. Wakaandika kanuni kwenye karatasi kubwa, wakazibandika ukutani: kuheshimiana, kutosinzia, mmoja aongee wengine wasikilize. Mstari wa mwisho ulisema: matarajio yetu ni kupata elimu na posho.

Godfrey alisimama mbele yao. "Akina mama, leo mtalala hapa, kesho mgeni atakuja. Akiwauliza, muinamishe vichwa. Muonekane mmeonewa."

"Tumeonewa na nani?" aliuliza Mwanaheri.

"Kwa ujumla tu."

Katibu akaandika: kwa ujumla.

Jumanne mgeni hakuja. Gari lilikuwa na hitilafu. Jumatano hakuja; palikuwa na kikao. Kila jioni Godfrey alisema kesho, na kila jioni wanawake walitandika mikeka kwenye chumba cha mafunzo, wakalala na vitenge vyao vya njano kwa kuwa hawakuja na nguo nyingine. Iliki ya Mwanaheri ilikuwa imeanikwa uani Kinole na wingu lilikuwa limekaa mlimani tangu alfajiri. Raya, mdogo kuliko wote, alikuwa amemwacha mtoto wa miezi saba kwa mama mkwe, kwa siku moja. Ziwa lilimjaa mpaka likawa gumu kama jiwe. Jumatano asubuhi Chausiku alimkuta bafuni anakamulia maziwa kwenye karai, analia kimya kimya. Maziwa yakaenda na maji.

Chausiku alirudi jikoni, akakaa kwenye kigoda. Wilfred alikuwa anachambua mchele kwa mkono wake mmoja, ungo umewekwa magotini.

"Dada," alisema, bila kuinua macho. "Mimi walinifanya hivihivi."

"Hivihivi vipi?"

"Kitambulisho kwanza. Walisema wanakwenda kutoa nakala. Halafu simu. Halafu geti. Halafu kesho. Wewe unafikiri watu wanafungwa minyororo? Mimi sikuona mnyororo hata siku moja. Niliona kesho."

"Hii ni semina, Wilfred."

"Sawa."

"Na wataondoka."

"Sawa, dada." Alitoa jiwe kwenye mchele akalitupa nje. "Unajua kilichonipandisha lile gari? Angekuja mgeni nisiyemjua, ningemfukuza na mbwa. Alikuja mtu wa nyumbani."

Chausiku aliinuka kwenye kigoda. Alitoka mpaka ofisini, akaingia bila hodi.

"Godfrey, wape wale watu vitambulisho vyao waende zao."

"Mama, mgeni anakuja kesho. Hii ya kesho ni ya kweli, amenipigia mwenyewe."

"Raya ana mtoto mchanga."

Godfrey alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuonekana kijana. "Leo ni tarehe ngapi, mama? Ishirini na moja. Ukifungua geti leo, Wilfred umemkata mkono wewe. Sawa? Fungua. Funguo anazo Mansuri."

Chausiku alitoka, akafunga mlango wa ofisi. Halafu akarudi jikoni kupika wali. Hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko yote: kwamba aliutia nazi, kama sikukuu, ili wasimwulize.

Alhamisi saa nne mgeni alifika kweli. Aliitwa Bi Asia, mwanamke mnene wa miaka hamsini na ushei, miguu imevimba kwa safari, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa na fomu kumi kwenye jalada. Wilfred alikuwa stoo tangu alfajiri, kati ya magunia ya unga na cherehani sita zilizoletwa na mfadhili bila sindano.

Bi Asia aliingia chumba cha mafunzo na wanawake kumi wakasimama kwa pamoja.

"Karibu mgeni rasmi!" waliitikia.

Alitazama njano yote ile, akatazama kanuni ukutani, akamtazama Godfrey.

"Ni sehemu ya tiba," alisema Godfrey. "Tunawarudishia hali ya kujiamini."

Bi Asia alikaa, akafungua fomu ya kwanza. "Nianze na nani?"

"Na mwenyekiti," alisema Mwanaheri, akasogeza kiti mbele. Kisha akakumbuka, akainamisha kichwa.

"Pole, mama. Nitakuuliza maswali, ujibu kwa uhuru. Ulitolewa kwenu kwa kuahidiwa kitu?"

"Ndiyo."

"Ulichoahidiwa umekipata?"

"Sijakiona mpaka sasa hivi."

Bi Asia akaweka alama ya vema. "Aliyekuahidi ulimjua?"

"Sana. Ndugu yangu wa damu."

"Masikini. Vitambulisho vyako vilichukuliwa?"

"Siku ileile, kabla ya chai. Na simu."

"Uliruhusiwa kutoka?"

"Kufuli, mama yangu. Hata dukani hatuendi."

Vema. Vema. Vema. Godfrey, aliyesimama nyuma kwa wasiwasi, alianza kutabasamu. Hakujua kama watu wa Kinole wana kipaji cha kuigiza kiasi kile. Hakuwa amewafundisha hata nusu ya hayo, na Mwanaheri alikuwa anatoa machozi ya kweli.

"Uliambiwa utakaa muda gani?"

"Siku moja. Na kuna mwenzetu yule, kaacha mtoto ananyonya. Muulize ziwa lake lilivyo."

Bi Asia alivua miwani, akafuta macho, akaivaa tena. Katika miaka tisa ya kujaza fomu ile alikuwa hajawahi kupata mhanga anayejibu vizuri hivyo. Wengine hutetemeka, hunyamaza, huchanganya majina. Akashuka mstari wa mwisho wa ukurasa.

"Ulisafirishwa lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu ya mwaka gani, mama?"

"Jumatatu hii, mama. Leo si Alhamisi?"

Kalamu ikasimama.

"Jumatatu hii ulisafirishwa kutoka wapi?"

"Kinole."

"Ukapelekwa wapi?"

Mwanaheri alitazama kulia na kushoto, akaona labda mgeni amechoka na safari. "Hapa," alisema kwa upole.

"Nani aliyekuleta?"

"Chausiku huyo hapo mlangoni na sinia la chai. Na bosi wake, huyo mwenye tai. Mama, na wewe ndiye unayekuja na posho?"

Bi Asia alifunga jalada taratibu. Godfrey alisogea mbele, jasho limeshalowesha tai.

"Mheshimiwa, hapa pana kutoelewana kidogo. Hawa walikuja kwa hiari. Semina shirikishi. Vitambulisho viko mezani kwangu, nawaletea sasa hivi, wanaondoka, mambo yanaisha."

"Walikuja kwa hiari," alisema Bi Asia.

"Kabisa."

"Basi huna mhanga hata mmoja. Fedha hakuna, nafunga faili, nawahi gari."

Alianza kuinuka, akishika goti. Chausiku aliweka sinia chini. Vikombe viligongana. Alipita mbele ya wote, akaenda mpaka stoo, akavuta mlango.

"Toka, mdogo wangu."

Wilfred alitoka na unga kwenye ndevu, kanga mabegani. Bi Asia alimtazama.

"Huyu si mlinzi?"

"Mlinzi ni Mansuri, yuko getini. Huyu ndiye mhanga wa kituo. Ndiye pekee. Mwulize maswali yako yaleyale."

Bi Asia alimwuliza akiwa amesimama, bila kuandika. Wilfred hakujibu vizuri. Alisahau jina la mahali, alichanganya miezi, mara mbili alinyamaza kabisa akautazama mkono. Bi Asia alipofika swali la vitambulisho alikuwa ameshaketi tena.

"Tarehe ishirini na nane anapasuliwa," alisema Chausiku. "Kama Mfuko utalipa."

"Siwezi kumlipia mtu mmoja. Mwongozo unasema kumi. Barua nimeshaziandika mimi, mama, kuhusu hiyo kumi. Miaka miwili naandika. Wananijibu wamezipokea."

"Wapo kumi na mmoja."

Bi Asia alifungua jalada tena. "Unajua unachokisema? Nikiwaandika hao kumi kuwa wahanga, fomu ina ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili unataka jina la aliyewasafirisha."

"Chausiku Kibwana. Niandike."

"Mama Chausiku!" Godfrey alishika meza. "Usitutie ndani!"

"Wewe nani alikutoa nje? Tumo ndani tangu Jumatatu, na kufuli umenunua wewe."

"Ilikuwa kwa nia njema!"

"Ndiyo. Waandike hivyo. Nia njema, Noah mbili."

Hapo Mwanaheri, aliyekuwa anafuata maneno kama mtu anayefuata mpira, akasimama. Alikuwa ameelewa. Aliweka mkono kifuani.

"Mgeni rasmi, naomba nafasi. Chausiku ni mtoto wa mjomba wangu. Ametukosea, sawa. Iliki yangu imeoza, sawa. Lakini sisi ndugu yetu hatumpeleki polisi. Kikundi kinasema tumemsamehe, turudishiwe vitambulisho na nauli, yaishe. Au vipi, akina mama?"

"Yaishe!" waliitikia wenzake, ila Raya.

"Msinisamehe!"

Chausiku alipiga kelele mpaka Mansuri akachungulia dirishani. Alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mikono imewakumbatia miguu ya Mwanaheri.

"Mwanaheri, mwana wa shangazi, nisikilize. Niliwadanganya. Nilijua hakuna semina. Raya alilia bafuni nikamwona nikaenda kupika wali. Mkinisamehe sasa hivi, nyinyi si wahanga tena, na huyu anabaki mmoja, na mmoja halipiwi. Mtazameni mkono. Msinisamehe kabla ya tarehe ishirini na nane. Baada ya hapo fanyeni mnavyotaka."

Raya ndiye aliyejongea. Alimwendea Wilfred, akaushika ule mkono uliojikunja, akaugeuza juu na chini kama mtu anayekagua muhogo sokoni.

"Mimi simsamehi," alisema. "Na hata hiyo ishirini na nane nitaona." Akamgeukia Bi Asia. "Niandike wa kwanza."

Mwanaheri alikohoa, akaweka sawa kitenge. "Basi hoja ya msamaha imeahirishwa. Katibu, andika."

Maria akaandika.

Bi Asia alijaza fomu kumi mpaka saa nane mchana, kurasa zote mbili. Ya kumi na moja hakuwa nayo, akaichora kwa mkono nyuma ya ratiba ya semina: safu, visanduku na yote. Palipochapwa neno "binti" kwenye zile nyingine, kwenye ile aliandika Wilfred. Kisha akatoa simu, akapiga polisi, na wakati wakisubiri akala sahani mbili za wali wa jana na kumsifu mpishi.

Chausiku alikaa mahabusu siku tatu. Askari aliyeandika maelezo yake alimwuliza kama anakubali au anakana. Alisema anakubali. Askari akamshauri, kwa wema, akane kidogo, maana wote hukana na hata karatasi imepangwa hivyo. Alisema anakubali yote, na aandike haraka, leo ni ishirini na nne. Godfrey kwenye chumba cha pili alikana mpaka jina lake la ubatizo.

Kituo kilifungwa. Wahanga kumi, kwa mujibu wa mwongozo, walipaswa kupewa hifadhi, wakapangiwa nyumba ya wageni yenye feni, na Raya akaletewa mtoto. Siku tatu walihudumiwa, wakashauriwa kisaikolojia, na kila mmoja akapewa begi. Ndani mlikuwa na kanga doti mbili. Mwanaheri alisema katika semina zote alizowahi kuhudhuria, hiyo ndiyo iliyokuwa na maandalizi mazuri zaidi.

Fedha za mkono zilifika hospitalini tarehe ishirini na saba, saa kumi jioni.

Tarehe ishirini na nane Chausiku, aliyekuwa ameshapata dhamana, alikaa kwenye benchi la wodi tangu asubuhi, na alipoambiwa mgonjwa ametoka salama alihamia kando ya kitanda chake. Saa kumi wakaja kumi wa njano, wamefuatana kwa mstari, wakaandika majina kwenye daftari la wageni kana kwamba ni mahudhurio. Mwanaheri alisimama miguuni pa kitanda, akafungua karatasi.

"Kikao kilichokaa leo kimeamua kumsamehe ndugu Chausiku Kibwana, kuanzia leo baada ya upasuaji, na si kabla. Kura tisa zimekubali. Moja imekataa."

Raya, mtoto mgongoni, alikuwa anatazama dirishani.

"Ana haki," alisema Chausiku.

"Ana haki," alikubali Mwanaheri. "Ila kesi, dada, tumeuliza. Wanasema ni ya Jamhuri, kikundi hakiwezi kuisamehe. Unaripoti kila Jumatatu."

"Jumatatu nitaripoti."

Miezi miwili baadaye Bi Asia aliandikiwa kwamba barua zake zimefanyiwa kazi na mwongozo umerekebishwa. Ukurasa wa tisa sasa ulitaka wahanga wasiopungua kumi na mmoja, kwa kuwa uzoefu ulionyesha ndiyo idadi iliyofanikiwa.

Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile wodini Wilfred aliamka jioni, midomo imekauka, akaomba maji. Chausiku alimletea kikombe cha plastiki, akataka kumnywesha. Alikataa. Daktari alikuwa amemwambia asijaribu kitu kwa wiki mbili, na yeye, kama Mluguru yeyote anayekatazwa jambo, alijaribu papo hapo. Ncha za vidole vitatu zilichungulia kwenye bandeji kama panya shimoni. Kimoja kikacheza. Kikasimama. Kikacheza tena, na cha pili kikakifuata.

"Tulia wewe," alisema Chausiku.

"Kabichi zinapandwa mwezi ujao, dada."

Raya aligeuka kutoka dirishani, akavitazama vile vidole kwa muda, kisha akamhamishia mtoto kifuani, akaanza kumnyonyesha.